Dirisha la Bibi: historia ya stara katika nyumba zetu, na maswali ya kumuuliza fundi



Leo hatuandiki juu ya vitambaa. Tunaandika juu ya pale kitambaa kinapotundikwa, yaani dirishani. Sisi ni ndugu, mmoja mtoto wa mama mkubwa na mmoja wa mama mdogo, tunashona mapazia na nguo za maharusi hapa Unguja. Kila wiki tunaingia nyumba za watu na futi zetu kupima madirisha. Siku hizi karibu kila nyumba tunayoingia, ama imeshang'oa madirisha ya mbao na kutia ya alminiamu, ama inataka kung'oa kabla ya harusi.

Na sisi tuling'oa. Tunawahadithia yaliyotukuta, kisha twende nyuma kidogo, kwa sababu tulipokwisha kuumia ndipo tulipoanza kuuliza wazee na kusoma: dirisha la bibi lilikuwa na kazi gani hasa?

Usiku wa hina

Mwaka juzi mdogo wetu aliposwa, na harusi ikawekwa Mfungo Mosi. Shughuli ilikuwa nyumbani kwa bibi, Ng'ambo, nyumba ya zamani yenye madirisha ya mbao ya vipande viwili, kila kipande kina vibao vya kupandisha na kushusha. Rangi ilikuwa imebambuka na vibao viwili vitatu vimevunjika. Tukaona aibu, wageni watakuja na picha zitapigwa. Tukachanga pesa tutie madirisha mapya.

Fundi tulimpata kwa kuambiwa na watu. Hatukuandikiana naye. Alipima, akachukua karibu pesa zote, akatuonyesha kipande cha kioo cha buluu kinachong'aa mithili ya kioo cha kujitazamia. Akasema, "Hiki, mtu akiwa nje haoni ndani hata kidogo." Tulipokwisha kutiliwa tukatoka nje kutazama. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, jua kali. Kweli, hatukuona kitu ila nyuso zetu wenyewe. Tukafurahi, tukaamua mapazia mazito hayana haja tena. Sisi wenyewe, mafundi wa mapazia, tukashona ya shifoni.

Usiku wa hina bi harusi alikaa mkekani na kanga mbili, singo bado mwilini, nywele wazi, somo yake pembeni. Sisi sote tumevua mabuibui, taa zote zinawaka ili mpaka hina aone vizuri. Mama mdogo alichelewa. Alipoingia hakutoa hata salamu. Alikwenda moja kwa moja ukutani akazima taa. Akasema, "Nimekuoneni nyote kutoka njiani. Mmoja mmoja. Na barazani mbele kuna vijana."

Hatukujua wamekaa pale muda gani. Mdogo wetu alilia mpaka hina ikaharibika mkono mmoja. Tukatundika kanga kwenye madirisha yote, upepo ukakatika, tukamaliza usiku ule kwa jasho. Bibi alikuwa kimya kitandani kwake. Asubuhi aliuliza jambo moja tu: "Dirisha langu mmelipeleka wapi? Lile lilikuwa linajua usiku na mchana."

Tulikwenda kumuuliza fundi zile mbao. Akasema alizitupa.

Anayekaa kwenye kiza humuona aliye kwenye mwanga

Fundi hakusema uongo, lakini hakusema kweli yote. Kile kioo hakina upande wa kuona na upande wa kutoona. Kazi yake inategemea mwanga. Mchana nje kuna jua na ndani kuna kivuli, basi aliye nje huona kioo kinamrudishia mwanga wake. Usiku mambo yanageuka: ndani kuna taa na nje kuna kiza, kwa hivyo wa ndani ndio wanaojiona kwenye kioo, na wa njiani wanawaona wao.

Watu wa zamani waliijua kanuni hii vizuri kabla ya sisi, na nyumba zao walizijenga juu yake.

Dini yetu imelitia uzito jambo hili tangu mwanzo. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na tutoe salamu. Aya ya 30 na ya 31 zinaamrisha kuinamisha macho, na wanaume ndio waliotangulizwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, naye akalikemea jambo hilo na kubainisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya macho. Kwa hivyo jicho linaloingia dirishani bila ruhusa ni sawa na mtu aliyeingia mlangoni bila hodi.

Wanavyuoni walilifanyia kazi hata katika ujenzi. Mji wa Tunis, katika karne ya 14, palikuwa na fundi mwashi akiitwa Ibn al-Rami. Huyu alikuwa akiitwa na makadhi kwenda kukagua nyumba zenye ugomvi, na aliandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Miongoni mwa mambo yaliyomo ni madirisha yanayofunguliwa yakawatazama majirani. Fundi na kadhi walikaa pamoja, kwa sababu dirisha moja likitobolewa vibaya lingeweza kuvunja heshima ya nyumba mbili.

Nyumba zisizokuwa na madirisha

Tukirudi pwani yetu, nyumba kongwe za mawe za Waswahili, kama zile za Lamu za karne ya 18, zilikuwa na madirisha machache sana upande wa njiani. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 3 tu, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazizidi hapo. Mwanga na hewa viliingia kutoka ua wa katikati ulio wazi juu, ambao watu wa Lamu wanauita kiwanda. Kutoka kiwanda unapita chumba kimoja baada ya kingine, na kila ukiingia mwanga unapungua, mpaka unafika chumba kinachoitwa ndani, ambacho ni cha bibi mwenye nyumba. Huko ukuta ulijaa zidaka, vishubaka vya plasta vilivyonakshiwa, vya kupangia vyombo vya thamani.

Dada zetu wa leo wanaweza kusema wale wanawake walifungiwa gizani. Sisi tunaona pia upande mwingine. Mwanamke aliyekaa ndani alikuwa akimuona kila anayekuja kutoka kwenye mwanga wa kiwanda kabla yeye hajaonekana. Hapo kiza kilikuwa upande wake.

Palikuwa pia na kitu kinachoitwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Wanawake wa jamaa moja waliweza kutembeleana bila kushuka mtaani.

Mji wa mawe wafungua macho

Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja, katika miaka ya 1830 na 1840, mji ulikua haraka. Waomani walijenga majumba ya ghorofa kuzunguka ua. Chini walikuwa na ghala na matundu madogo yaliyowekwa juu, ambayo mpita njia hayafikii kwa jicho. Ghorofani ndiko madirisha yalikopangwa safu, marefu, yenye nondo, vipande vya mbao vya kufunga, na mengine yakiwa na nusu duara ya vioo vya rangi juu yake. Wahindi nao walileta roshani za mbao zilizotoka nje ya ukuta, zenye nakshi za kutobolewa. Mtu akitaka kuona kazi hiyo ilipofikia, basi aende akatazame roshani na vioo vya rangi vya ile Zahanati ya Zamani ya Tharia Topan, karibu na bandari. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887, na jengo likamalizika 1894.

Nakshi zile za matundu zina ndugu zao Misri. Kairo wanaziita mashrabiya. Ni vipande vidogo vya mbao vilivyochongwa mviringo na kuunganishwa bila misumari. Jina lenyewe linatoka kwenye kunywa, kwani mitungi ya maji iliwekwa pale ipate upepo ipoe. Angalieni basi: dirisha moja linapitisha hewa, linapoza maji, linaonyesha njia, na bado halimuonyeshi mwenye nyumba.

Seyyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliiunganisha na majumba ya jirani kwa njia za juu zilizofunikwa, ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana na watu wa chini. Ni wikio lile lile, lakini la kisultani. Jumba moja kati ya hayo, Beit al-Hukm, liliharibiwa katika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896.

Hatuwezi kulizungumza dirisha la Unguja bila kumtaja Bibi Salme binti Said. Alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anasimulia kwamba alipokuwa akikaa mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani ambaye paa la nyumba yake lilikuwa chini kidogo tu ya paa lake yeye. Kutoka dirishani kwake alikuwa akiziona karamu za Wazungu wale. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa sababu ya jirani huyo, na maisha yake yote yakabadilika. Hatumhukumu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunachotaka kusema ni kwamba dirisha si tundu la ukuta tu. Wazee walioamua liangalie wapi na liwe na urefu gani walijua wanachokifanya.

Umeme, luva na alminiamu

Zamani usiku wa nyumba zetu ulikuwa wa koroboi na kandili. Mwanga wake hafifu, haufiki mbali. Juu ya hayo, magharibi ikiingia vipande vya mbao vilifungwa, na vile vibao vikashushwa. Mbao haijali taa iko upande gani. Unaweza kuwasha taa kumi, aliye nje ataona mistari ya mwanga tu, huku upepo wa kusi au kaskazi unaendelea kupita baina ya vibao. Hilo ndilo alilokusudia bibi aliposema dirisha lake linajua usiku na mchana.

Kisha umeme ukaenea nyumba kwa nyumba. Taa zikawa kali na dirisha likapata kazi mpya bila ya sisi kutambua: mchana linaingiza mwanga, usiku linatoa siri. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilijenga majumba ya ghorofa Kikwajuni, Kilimani na Michenzani, kwa ramani na msaada wa Ujerumani Mashariki. Watu wengi walipata makaazi bora, yenye maji na umeme. Lakini nyumba hizo hazina ua wa katikati. Kila chumba kinapumua kwa nje. Pazia, ambalo kwa mabibi zetu lilikuwa pambo la mlango, likawa ndio stara ya nyumba. Kusema kweli sisi wawili tunakula kwa sababu hiyo.

Zikaja luva za vioo, zile za kukunjua. Hizo kidogo zilishika mwendo wa vibao vya mbao: zinapitisha upepo, na ukichukua kioo kilichofifishwa, usoni huonekani. Kisha ndipo yakaja haya ya alminiamu.

Alminiamu zamani ilikuwa ghali mno. Mwaka 1886, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Bibi Salme, vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake aligundua njia ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaanguka. Kioo kipana kisicho na mawimbi kikawa rahisi baada ya kampuni ya Pilkington ya Uingereza kutangaza, mwaka 1959, njia ya kukieleza kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka. Alminiamu na kioo hicho ndivyo vilivyoungana dirishani kwenu.

Hatuyatukani madirisha haya. Mchwa hawali alminiamu. Chumvi ya bahari haiili upesi kama chuma. Vumbi halipiti kama zamani. Lakini lile la kusukuma la vioo viwili hufunguka nusu yake tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Ukitia dirisha la ukubwa ule ule wa zamani, umepoteza nusu ya upepo wako. Mtakumbuka mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Feni hazikufanya kazi. Wenye madirisha ya vibao walilala. Wengine tulihamia ukumbini na mikeka.

Kabla hujamlipa fundi

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na dirisha jema si mng'aro wake. Haya ndiyo tunayowaambia maharusi wetu sasa, hata kabla ya kuwaonyesha vitambaa.

Kwanza, muulize fundi juu ya usiku. Mwambie alete kipande cha kioo anachotaka kukutilia, au akupeleke nyumba aliyokwisha kuifanyia kazi. Nenda baada ya isha. Mmoja akae ndani taa zinawaka, mwingine asimame njiani. Kama unamuona, kioo hicho peke yake si stara. Kwa chumba cha kulala, choo na chumba cha kupambia, taka kioo kilichofifishwa, au acha nafasi ya pazia zito, au urudishe vibao vya mbao kwa ndani.

Pili, muulize upepo. Dirisha la kusukuma au la kufungua lote kwa bawaba? La bawaba hufunguka zima. Nyavu ya mbu iwemo katika bei tangu mwanzo.

Tatu, maji. Fundi apime upana mahali patatu, juu, katikati na chini, maana kuta zetu za zamani hazikunyooka, kisha afuate kipimo kidogo. Kizingiti cha chini kiinamie nje. Reli ya chini iwe na vitundu vya kutolea maji, na visizibwe kwa silikoni. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, kwani tunakaa na bahari.

Nne, mbao za zamani ni mali yako. Nyingi ni za msaji na mbao nyengine ngumu ambazo leo huzipati kwa bei ile, na wapo wanaozinunua. Iandikwe kwamba zinabaki nyumbani. Na kabla ya kung'oa, mwite seremala azitazame. Mara nyingi ni bawaba na vibao vichache tu vya kubadilisha.

Tano, andikianeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Andikeni idadi ya madirisha, vipimo, aina ya kioo, unene, siku ya kumaliza na malipo kwa mafungu. Fungu la mwisho libaki mpaka umeshaona mvua moja na usiku mmoja.

Na wenye nyumba ndani ya Mji Mkongwe, musisahau kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi. Mji wetu uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na madirisha ya mbao ni sehemu ya urithi huo.

Sisi kwa bibi tulimaliza hivi. Vile vioo vya buluu bado vipo, hatukuwa na pesa za kuvitoa vyote. Lakini chumba kile cha mbele tulimwita seremala mzee wa mtaa, akachonga vipande viwili vya vibao, vya kufungia kwa ndani. Si kizuri kama cha zamani. Bibi alikipapasa, akapandisha vibao, akashusha, akapandisha tena. Akasema, "Haya, washeni taa." Kisha akamtuma mama mdogo atoke njiani akatazame.

Mama mdogo akarudi. "Sioni mtu."

Bibi akavua ushungi wake, akajilaza.

Mwenyezi Mungu azistiri nyumba zetu na binti zetu, duniani na akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.